Mikunde na Mahindi: Hesabu ya Naitrojeni Shambani

Mahindi hula naitrojeni nyingi. Kila tani moja ya mahindi yaliyopukuchuliwa, pamoja na mabua na magunzi yake, huhitaji takriban kilo 20 hadi 25 za kirutubisho hicho. Shamba linalotarajiwa kutoa tani nne kwa hekta, kiwango kisichowashinda wakulima wa Ruvuma, Rukwa au Trans Nzoia mvua zinapokuwa njema, lazima liipatie mimea kilo 80 hadi 100 za naitrojeni ndani ya miezi minne au mitano. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu. Wa CAN una kilo 13, na wa DAP kilo 9. Wakulima wengi wadogo hawaweki hata nusu ya kinachohitajika, wengine hawaweki kitu, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya wastani wa mavuno nchini Tanzania na Kenya kubaki kati ya tani moja na nusu na mbili kwa hekta mwaka baada ya mwaka.

Ushauri wa kubadilisha mazao, yaani kupanda mikunde msimu mmoja na mahindi msimu unaofuata, umetolewa na mabwana shamba kwa vizazi kadhaa kama njia ya kupunguza pengo hilo. Ni ushauri mzuri, ila mara nyingi hutolewa kwa ufupi unaopotosha: kwamba maharage huongeza mbolea ardhini, basi. Mambo yenyewe yana masharti. Zao la mikunde laweza kuongeza naitrojeni shambani, laweza kuiacha kama ilivyokuwa, na laweza kuipunguza. Tena mahindi yanayolifuata yaweza kustawi hata pale ambapo naitrojeni haikuongezeka, kwa sababu nyingine kabisa. Atakayetaka kujua faida ya mzunguko huu katika shamba fulani hana budi kuifuata naitrojeni tangu inapotoka hewani, inapoingia kwenye mmea, inapoondoka na mavuno, hadi inapofika kwenye mzizi wa hindi la msimu unaofuata.

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mimea haiwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo kwa sababu atomi zake zimefungamana mbilimbili kwa nguvu kubwa. Viwanda vya mbolea huzitenganisha kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na shinikizo kubwa la gesi. Bakteria wa jamii ya raizobia hufanya kazi hiyo hiyo katika udongo wa joto la kawaida, kwa msaada wa kimeng'enya chenye madini ya chuma na molibdeni. Kwamba nafaka hustawi baada ya mikunde ni jambo lililojulikana tangu kale. Sababu yake ilichukua muda kupatikana. Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha mwaka 1838, kwa kupima na kulinganisha, kwamba mikunde hupata naitrojeni ambayo haikutoka kwenye udongo. Mwaka 1886 Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walitangaza kuwa siri iko kwenye vinundu vya mizizi, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe.

Ushirikiano huo una gharama. Mzizi mchanga humwaga kemikali zinazowaita bakteria. Nao huingia kupitia vinyweleo vya mzizi, na mmea hujenga kinundu cha kuwahifadhi. Humo ndani mmea hutoa sukari, bakteria hutoa amonia. Kutengeneza naitrojeni kwa njia hii hugharimu sukari nyingi, kwa hiyo mmea uliodumaa, ulionyimwa mwanga na mahindi yaliyoutangulia kukua, au ulioliwa majani na wadudu, hauna cha kuwalipa bakteria wake, na kazi husimama. Vilevile mmea unaokuta naitreti tele ardhini hauoni haja ya kujenga vinundu. Ndiyo maana kuweka urea nyingi kwenye maharage ya mzunguko ni kuulipia mmea uache kufanya kazi uliyopandiwa.

Mkulima hahitaji maabara ili kujua kama kazi hiyo inafanyika. Wakati wa kuchanua maua, huchimbwa mimea michache kwa jembe, kutoka pande tofauti za shamba. Haing'olewi kwa mkono, kwa kuwa vinundu hukatika na kubaki ardhini. Udongo husafishwa polepole kwa maji, kisha kinundu hupasuliwa kwa ukucha. Kikiwa na rangi nyekundu au ya waridi ndani, kinafanya kazi: rangi hiyo ni ya leghemoglobini, protini ya jamii moja na ile inayoipa damu wekundu wake, ambayo huidhibiti oksijeni isikiharibu kimeng'enya. Kikiwa cheupe, ama ni kichanga ama kimekaliwa na bakteria wasiofaa. Kikiwa cha kijani au kahawia, kimezeeka. Vinundu vikubwa vilivyosongamana sehemu ya juu ya mzizi mkuu ni dalili njema kuliko vidogo vingi vilivyotawanyika kwenye mizizi ya pembeni. Uchunguzi huu wa dakika chache ungestahili kufundishwa katika kila shamba darasa, kwa sababu shamba lenye majani ya kijani kibichi laweza kuwa halina hata kinundu kimoja chekundu, likiishi kwa naitrojeni ya udongo peke yake.

Vinundu vinapokosekana, sababu kuu huwa mojawapo ya tatu. Ya kwanza ni upungufu wa fosforasi. Bakteria hutumia nishati nyingi, na nishati ndani ya chembe hai hupitia kwenye fosforasi. Udongo mwekundu wa nyanda za juu na wa magharibi mwa Kenya hushikilia fosforasi yake kwa nguvu kiasi kwamba mmea huambulia kidogo sana. Mbolea ya TSP, au fosfeti inayochimbwa Minjingu mkoani Manyara kwa udongo wenye asidi, mara nyingi hufanya mengi zaidi kwa mikunde kuliko pembejeo nyingine yoyote. Ya pili ni asidi yenyewe: pH inaposhuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na molibdeni ambayo bakteria wanaihitaji huwa adimu. Hapo chokaa hutangulia.

Sababu ya tatu ni kukosekana kwa bakteria wanaofaa. Kunde, karanga na mbaazi hazichagui sana. Hupokea bakteria walioenea katika udongo wa Afrika, na mbegu zake hunufaika kidogo tu zinapopakwa bakteria wa dukani. Soya, iliyotoka Asia ya Mashariki, huchagua. Ikipandwa mara ya kwanza kwenye shamba ambalo halijawahi kuiona, mara nyingi hutoka na majani ya njano na mizizi mitupu. Njia mbili zimetumika kulitatua hilo. Taasisi ya IITA yenye makao yake Ibadan, Nigeria, ilianza katika miaka ya 1970 kuzalisha aina za soya zinazopokea bakteria wa kienyeji, na nyingi za aina hizo zimesambaa hadi kusini na mashariki mwa Afrika. Njia ya pili ni unga wa bakteria unaopakwa kwenye mbegu: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilitengeneza Nitrosua, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikatoa Biofix. Bidhaa hizi zina viumbe hai ndani yake, jambo linalosahaulika njiani. Pakiti iliyokaa juani kwenye rafu ya duka, au mbegu iliyopakwa asubuhi ikapandwa jua la saa saba kwenye udongo mkavu, huwa na bakteria waliokwisha kufa.

Tuseme vinundu ni vyekundu na zao limestawi. Bado swali halijajibiwa, kwa sababu naitrojeni iliyotoka hewani haiendi ardhini kwanza. Huenda kwenye mmea, na mmea huipeleka kwenye punje. Soya ni mfano ulio wazi. Punje zake zina naitrojeni karibu asilimia 6 hadi 6.5 ya uzito wake, kwa kuwa ni zao la protini. Hekta iliyotoa tani moja na nusu za soya imeondoa kilo zipatazo 95 za naitrojeni. Mmea mzima, pamoja na mizizi, huenda ulibeba kilo 120 au zaidi kidogo. Ikiwa asilimia 60 ya hizo zilitoka hewani, hewa imechangia kilo 72 na udongo kilo 48. Zilizoondoka na magunia ni 95, zilizoingia ni 72: shamba limepoteza kilo 23. Ikiwa hewa imechangia asilimia 80, shamba limebaki pale pale. Zao lililosifiwa kwa kurutubisha ardhi laweza basi kuichukulia naitrojeni taratibu, na kadiri aina ya mbegu inavyoboreshwa ili kutoa punje nyingi zaidi, ndivyo hatari hiyo inavyoongezeka.

Maharage yako katika hali ngumu zaidi. Kati ya mikunde inayolimwa sana Afrika Mashariki, ndiyo dhaifu kuliko yote katika kutumia hewa: theluthi moja hadi asilimia 40 tu ya naitrojeni yake hutoka huko, sehemu kwa sababu hukomaa haraka, siku 70 hadi 90, kabla vinundu havijafanya kazi kwa muda wa kutosha. Kisha uvunaji wake hukamilisha hasara. Maharage hung'olewa mzima mzima, hufungwa matita na kubebwa hadi uani, ambako hupigwa kwa fimbo juu ya turubai. Punje huingia ndani. Makapi, majani na mizizi hubaki uani. Huko huliwa na ng'ombe na mbuzi, au huchomwa. Magharibi mwa Kenya, makapi ya maharagwe huchomwa makusudi ili majivu yake yachujwe kupata maji ya munyu ya kulainishia mboga za kienyeji. Hakuna ubaya katika matumizi hayo. Chakula kitamu ni haki ya kila nyumba, na mbuzi lazima ale. Ila shamba halikubakiwa na kitu, na bwana shamba anayemwambia mwenye shamba hilo kuwa maharage yameirutubisha ardhi yake hajafuatilia matita yalikokwenda.

Karanga nazo hung'olewa, na majani yake ni chakula kizuri cha mifugo, lakini hutumia hewa vizuri zaidi kuliko maharage, na pale ambapo huchambuliwa shambani na majani kutawanywa, mahindi yanayofuata huonyesha tofauti. Kunde za aina inayotambaa, ambazo huchumwa majani kwa mboga na kuvunwa punje kidogo, huacha kingi zaidi kuliko zile fupi za punje nyingi. Njugu mawe na choroko huangukia katikati.

Mbaazi inastahili nafasi yake. Ile ya muda mrefu, inayokaa shambani miezi minane au tisa, huchukua zaidi ya theluthi mbili ya naitrojeni yake kutoka hewani. Huota polepole mno mwanzoni, kiasi kwamba hupandwa pamoja na mahindi bila kuyasumbua. Mahindi yakishavunwa, yenyewe ndipo hunyanyuka na kutumia unyevu uliobaki chini kwa mizizi mirefu. Miezi yote hiyo hudondosha majani, na majani hayo yako shambani tayari, hayahitaji mtu wa kuyarudisha. Mizizi yake pia hutoa asidi maalumu inayofungua fosforasi iliyoshikwa na chuma, jambo lililoelezwa na watafiti waliofanya kazi kwenye udongo mwekundu wa India mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika wilaya za Babati na Karatu, mbaazi ndani ya mahindi ni sura ya kawaida ya shamba, na hoja ya kwamba mikunde hurutubisha ina mashiko zaidi huko kuliko mahali pa maharage matupu.

Mwisho wa orodha iko ile isiyovunwa kwa ajili ya punje: mukuna, fiwi ikikatwa mapema, na marejea. Marejea ilipata umaarufu katika miaka ya 1980 kutokana na juhudi za Padri Gerold Rupper wa abasia ya Peramiho, Ruvuma, aliyewahimiza wakulima kuipanda na kuifukia ikiwa bado mbichi. Kwa kuwa hakuna gunia linaloondoka, karibu naitrojeni yote hubaki. Ugumu wake unaeleweka: ni kumtaka mtu mwenye ekari mbili atoe nguvu zake msimu mzima kwa zao lisiloingia chunguni. Wenye ardhi ya kutosha walifanya. Wengine walipenda walichokiona na hawakuweza kukifuata.

Naitrojeni iliyobaki kwenye majani bado si ya mahindi. Lazima vijidudu vya udongo viyaozeshe majani na kuigeuza kuwa amonia, kisha naitreti. Kasi ya kazi hiyo hutegemea uwiano wa kaboni na naitrojeni katika masalia. Majani ya mikunde yenye zaidi ya asilimia 2.5 ya naitrojeni, na yasiyo na nyuzi ngumu nyingi, huanza kuitoa ndani ya wiki chache. Mabua ya mahindi, ambayo kaboni yake huizidi naitrojeni mara 50 au zaidi, hufanya kinyume: vijidudu vinavyoyala hunyang'anya naitrojeni ya udongo ili vijengee miili yao, na mahindi machanga huonekana ya njano mwezi mzima. Anayefukia mabua ya msimu uliopita muda mfupi kabla ya kupanda hujiletea njaa hiyo mwenyewe. Anayefukia majani ya karanga hujiletea kinyume chake.

Kuna pia suala la wakati. Mwaka 1958 H. F. Birch, aliyekuwa akifanya utafiti Muguga, karibu na Nairobi, alionyesha kwamba udongo uliokauka ukinyeshewa hutoa naitreti nyingi kwa mkupuo, kuliko udongo uliokaa na unyevu muda wote. Jambo hilo limebeba jina lake tangu hapo. Kwa mahindi lina maana kubwa: mvua za kwanza za masika huachilia sehemu nono ya naitrojeni ya msimu wote, ikiwemo ile ya majani ya mikunde, na hufanya hivyo kabla mahindi hayajawa na mizizi ya kuipokea. Naitreti haishikwi na udongo. Hushuka na maji. Aliyepanda siku chache baada ya mvua ya kwanza huikuta, aliyechelewa wiki tatu akisubiri trekta au mbegu hukuta imekwisha kwenda chini. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 ulikuta naitreti iliyolundikana kina kirefu chini ya mashamba ya mahindi, mahali ambapo mizizi yake haifiki, ilhali miti ya sesbania yenye mizizi mirefu iliweza kuipandisha tena juu.

Jambo jingine huchanganywa sana na urutubishaji. Mkunde unaopata naitrojeni yake hewani hutumia kidogo ile ya udongo, kwa hiyo naitreti ambayo zao la mahindi lingeimaliza hubaki mahali pake. Mahindi yanayofuata hukuta kingi zaidi kuliko yangekuta baada ya mahindi mengine, ingawa jumla ya naitrojeni shambani haikupanda hata kilo moja. Kwa mkulima anayetazama rangi ya majani, matokeo ni yale yale. Kwa ardhi si yale yale, kwa kuwa kilichohifadhiwa msimu huu kitatumika msimu ujao na hesabu itarudi palepale.

Vipimo vya udongo navyo havisaidii upesi. Udongo wa sentimita 20 za juu kwenye hekta moja una uzito wa tani kama 2,600. Ukiwa na naitrojeni ya asilimia 0.1, hiyo ni kilo 2,600. Kilo 20 au 30 zilizoachwa na karanga nzuri hazionekani ndani ya idadi hiyo, hata kwa maabara makini. Huonekana tu kwenye naitreti ya mwanzo wa msimu, na kwenye mahindi yenyewe. Mabadiliko ya jumla ya naitrojeni na mboji yanahitaji kupimwa kwa miongo, na Afrika Mashariki ina bahati ya kuwa na jaribio la namna hiyo. Kabete, pembeni mwa Nairobi, mahindi ya masika na maharagwe ya vuli yamekuwa yakipishana tangu 1976 kwenye vipande vyenye mbolea, samadi, mabua yaliyorudishwa, au visivyo na chochote. Mboji ya udongo imepungua katika vipande vyote. Samadi pamoja na mbolea ilichelewesha tu upungufu huo. Mzunguko wa mahindi na maharagwe peke yake, bila kurudisha kitu kingine, haukuulinda udongo ambao mwanzoni ulikuwa miongoni mwa ulio bora nchini. Ushahidi huo una uzito kuliko ahadi nyingi zilizoandikwa kwenye vipeperushi.

Mavuno, hata hivyo, yanasema jambo la matumaini zaidi. Mwaka 2018 A. C. Franke na wenzake walikusanya majaribio yaliyochapishwa kutoka nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, wakalinganisha nafaka iliyopandwa baada ya mikunde ya punje na nafaka iliyopandwa baada ya nafaka. Wastani wa nyongeza ulikuwa tani 0.49 kwa hekta, yaani asilimia 41. Hizo ni gunia tano za kilo 100 kwa hekta, au mbili kwa ekari. Kwenye shamba linalopaliliwa vizuri, kilo moja ya naitrojeni ya mbolea huzaa kilo 15 hadi 25 za mahindi. Nusu tani ni sawa basi na kazi ya mfuko mmoja wa urea, au zaidi kidogo. Si haba hata kidogo kwa nyumba ambayo haikununua mfuko wowote. Wala si badala ya mbolea kwa anayetaka tani nne au tano. Mikunde isiyovunwa punje huleta zaidi: uchambuzi wa Gudeta Sileshi na wenzake wa mwaka 2008 ulipata nyongeza ya tani 0.8 baada ya mikunde ya kufukiwa na tani 1.3 hadi 1.6 baada ya miti ya jamii ya mikunde, dhidi ya tani 2.3 kwa mahindi yaliyowekewa mbolea kamili.

Uchambuzi wa akina Franke una jambo lingine la kuzingatiwa. Mahindi yakiwekewa naitrojeni ya kutosha, faida ya mikunde hupungua lakini haiishi. Ingekuwa faida yote ni naitrojeni, urea ingeifuta. Kilichobaki kinatokana na mambo mengine, na baadhi yake katika maeneo fulani ni makubwa kuliko naitrojeni yenyewe.

La kwanza ni kiduha, gugu lenye maua mazuri ya zambarau linaloishi kwa kunyonya mizizi ya nafaka, ambalo Waluo hulijua kwa jina la kayongo. Mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri kemikali za mzizi wa mwenyeji. Soya, kunde na mikunde mingine kadhaa hutoa kemikali zinazoziamsha, lakini mizizi yake hainyonyeki. Gugu huota na kufa. Kila msimu wa mikunde hupunguza ghala hilo la mbegu, ilhali kila msimu wa mahindi hulijaza. Kituo cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kilikwenda mbali zaidi kwa kupanda mkunde uitwao desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya tembo pembezoni: harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, majani ya tembo huwavuta, na mizizi ya desmodiamu hukizuia kiduha huku ikiongeza naitrojeni. Desmodiamu hukaa shambani miaka mfululizo, kwa hiyo huo si mzunguko, lakini hutumia nguvu zile zile za mikunde.

La pili ni magonjwa. Ugonjwa hatari wa virusi vya mahindi ulipozuka Bomet, Kenya, mwaka 2011 na kuenea Tanzania, Uganda na Rwanda, kuvunja mfululizo wa mahindi kwa zao lisilo nafaka kulikuwa miongoni mwa mambo machache yaliyokuwa mikononi mwa mkulima mwenyewe. Dhidi ya kiwavijeshi vamizi mzunguko hausaidii sana, maana nondo wake huruka umbali mrefu. Na si kila badiliko ni la heri: maharage huwalisha minyoo fundo vizuri sana, wakaongezeka ardhini.

Yote haya yanategemea mkunde kustawi kwanza. Mashamba yaliyochoka zaidi, ya mbali na nyumba, yasiyoonja samadi, ndiyo yanayopelekewa mikunde kwa imani kwamba itayafufua, na ndiyo ambako mikunde hushindwa. Kwenye mchanga wa mawe ya matale nchini Zimbabwe watafiti wamekuta mashamba ambayo hata mbolea ya viwandani haifanyi kitu mpaka yapewe samadi kwa misimu kadhaa. Mkunde uliotoa kilo 300 za punje kwa hekta haukuwa na majani ya kuacha. Kwa hiyo fosforasi kidogo au samadi kwenye mikunde, kisha naitrojeni ya kukuzia kwenye mahindi, huleta tija kuliko kuielekeza mbolea yote kwenye mahindi na kuiacha mikunde ijitegemee, kama inavyofanyika karibu kila mahali.

Mpangilio nao hubadilika na ardhi. Penye mvua za misimu miwili, kama Kagera, magharibi mwa Kenya au katikati ya Uganda, mikunde hukaa vuli na mahindi masika bila kukosa chakula cha mwaka. Penye msimu mmoja, kama Ruvuma na Katavi, kupanda mikunde kipande kizima ni kuacha mahindi ya mwaka mzima kwenye kipande hicho, na nusu tani ya ziada mwaka unaofuata haiyafidii mahindi yaliyokosekana. Lazima punje za mikunde zenyewe zilipe. Wengi huamua kuchanganya. Mchanganyiko hautoi naitrojeni nyingi kwa mahindi ya msimu huo huo, kwa kuwa majani bado hayajaoza, na mkunde uliofunikwa kivulini hufanya kazi kidogo. Magharibi mwa Kenya mtindo uitwao MBILI, wa mistari miwili ya mahindi na miwili ya mikunde, ulibuniwa ili mwanga ufike chini. Nchini Malawi wakulima hupanda karanga na mbaazi pamoja msimu mmoja, kisha mahindi msimu unaofuata: karanga hulipa mapema, mbaazi hudondosha majani, na mahindi hupata vyote viwili.

Soko huamua mengi. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi za Afrika Mashariki, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo. Bei katika vijiji vya Manyara, Lindi na Mtwara ilianguka vibaya, magunia yakakaa ndani, na misimu iliyofuata wengine waliacha kuipanda. Majani yaliyokuwa yakidondoka kila mwaka hayakudondoka tena, na mahindi ya mashamba hayo yakabaki na kile tu ambacho mwenye shamba aliweza kununua dukani. Karanga zina kikwazo cha kazi: kuzichuma, kuzianika na kuzibangua kwa mkono hula siku nyingi za wanawake, na eneo linalopandwa hufuata mikono iliyopo. Soya hupanuka pale viwanda vya chakula cha kuku vinapoinunua karibu, na hurudi nyuma vinapoanza kuagiza kutoka nje. Maharage hayakosi mnunuzi mahali popote, nayo yataendelea kuwa mkunde mkuu wa mzunguko huu katika nyanda za juu. Kwa hiyo huko aina za maharage marefu yanayotambaa, yanayokaa shambani muda zaidi na kutumia hewa vizuri kuliko yale mafupi, pamoja na kuyapigia shambani ili makapi yabaki, ndiyo mabadiliko mawili yaliyo karibu zaidi na uwezo wa mkulima.